Swali la Tano, Kipengele B

Mwalimu Chilumba ameandika ubaoni:
Mwendesha baiskeli anateremka, mita kumi na mbili kwa sekunde.
Anaona kizuizi mbele yake, mita thelathini na sita.
Breki zinampunguzia mita mbili kwa sekunde, kila sekunde.
Je, atasimama?

Darasa zima linatafuta kanuni.
Mimi natafuta pa kuweka macho.
Mteremko huu naujua:
unaanzia penye mkorosho wetu wa mwisho,
unapinda, halafu Newala yote inabaki juu
na njia ya Masasi inazama kwenye ukungu.
Mwendesha baiskeli ana jina. Mfaume.
Ana magunia mawili, anayapeleka ghalani,
na kizuizi ni lori lililokatika ekseli,
bila hata tawi moja la kuonya barabarani.

Naandika.
Kumi na mbili mara kumi na mbili,
mia moja arobaini na nne.
Gawa kwa nne: thelathini na sita.
Atasimama!
Gurudumu litagusa bampa kama anayebisha hodi,
atashuka, atatukana kidogo, atazunguka.
Mwalimu anapita na kalamu nyekundu. Vema.

Lakini swali linadhani mtu hukamata breki papo hapo,
kana kwamba jicho na kidole havijawahi kugombana.
Weka nusu sekunde.
Nusu tu, ya kugeuza shingo
kwa sababu mdogo wako amepaza sauti kutoka kizingitini:
"Mfaume, usisahau chumvi!"

Nusu sekunde, kwa kasi ile, ni mita sita.
Zinabaki thelathini.
Mia moja arobaini na nne, toa mia moja ishirini.
Ishirini na nne. Kipeuo chake cha pili, karibu tano.
Mita tano kwa sekunde
zilizokosa pa kwenda
zikaingia begani kwake.

Jioni namwonyesha daftari.
Analishika kwa mkono wa kushoto;
wa kulia haupandi kupita sikio, msimu wa pili sasa.
Anasoma polepole, kama anayehesabu chenji.
"Hapa umekosea, Somoe.
Breki ya nyuma ilikwisha tangu Ramadhani.
Hiyo mbili yako umeitoa wapi?
Na mchanga wa pale kwenye kona? Mchanga haupunguzi sawasawa.
Unashika, unaachia, unashika."
Anafunga daftari, analiweka juu ya kinu.
"Halafu mimi sikukusikia.
Masikio yalijaa upepo."

Nimekubali. Nimefuta nusu sekunde,
nimepuliza vumbi la kifutio,
nimeacha jibu la mwalimu lisimame.

Ila usiku ule, hospitali ya wilaya,
alipofumbua macho,
kabla hajauliza baiskeli,
kabla hajauliza mkono,
alimtazama mama akasema:
"Chumvi mlipata?"