Kiberiti cha Ng'ambo

Tulishuka kwenye basi la saa mbili asubuhi,
mimi na Helju, wifi yangu.
Bado namwita wifi, ingawa mwezi wa Januari
mahakama ya Põlva iliukata ule uzi.
Talaka ilikuwa yao wawili.
Mimi sikutia sahihi.

Msitu ulikuwa ukiamka na uzito wa usingizi.
Theluji imebaki vivulini, chafu, imekunjamana
kama shuka la mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda kwao.
Chini ya misonobari, maua madogo meupe,
shingo nyembamba, yamegeukia jua kwa pamoja
kama darasa lililosikia kengele.

Na Ahja umejaa hadi kooni,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
unagonga majabali mekundu, unakaripia,
unabeba magogo kwa haraka ya mtu anayehama usiku.

Shanta la Helju: kilo kumi na tisa.
Bandeji, sindano, uzi, mkate mweusi,
nyama iliyokaushwa kwa moshi,
na mto mdogo wa manyoya ya bata.
Nikamwambia: umebeba mto kuuleta mtoni.
Alicheka, mara ya kwanza tangu Januari,
mpaka goti lake bovu likamwambia basi.

Ramani ilikuwa ya kaka yangu Endel,
imekunjwa na kukunjuliwa
mpaka vijiji viwili vimeliwa na mkunjo.
Ilisema: hapa pana daraja.
Tulipofika palikuwa na nguzo mbili,
na juu ya moja ndege mdogo
akitikisa mkia, kama karani atikisavyo kidole:
ofisi imefungwa.

Kambi tuliyoizoea tuliiona kwa macho tu,
meko ya mawe, gogo la kukalia, ng'ambo.
Huku kwetu tope, na kisiki kilichotafunwa na biva,
kimechongoka kama penseli ya mtoto mwenye bidii.
Tukasimamisha hema.

"Lete kiberiti," nikasema.
"Si unacho wewe?"

Miaka kumi na moja tumepita njia hii, watatu,
na kiberiti kilikaa mfuko wa kushoto wa koti la Endel.
Hakuna aliyelitamka jina.
Tukatafuna mkate na nyama baridi,
na baridi yenyewe ikapanda toka ardhini,
ikaanzia vidoleni,
kama mdai anayeujua mlango.

Ndipo moto ukawaka ng'ambo.
Katika meko yetu!
Mtu mmoja, kofia, mbwa.
Helju akasimama, na sauti yake ya wodini,
ile iliyokuwa ikiwaamsha madaktari zamu ya usiku:
"Weee! Hatuna kiberiti!"

Hakujibu. Aliinama kwa muda mrefu.
Kisha mkono wake ukazunguka mara tatu,
kitu kikaruka juu ya maji
kikaangukia matete, hatua mbili kutoka ukingoni.

Helju alivua viatu, na goti lile lile,
akaingia katika maji yaliyokuwa theluji juzi.
Neno alilolisema silirudii.
Soksi ya sufu. Ndani yake jiwe,
na kopo la vidonge vya kikohozi,
na ndani ya kopo njiti saba
na kipande cha boksi cha kuwashia.

Ya kwanza ilizimwa na upepo.
Ya pili, na pumzi yangu mwenyewe.
Ya tatu ikashika gome la mbetula.

Tukainua sufuria juu, kumshukuru.
Mbwa ndiye aliyejibu.

Usiku korongo walipita bila kuonekana,
wakiitana kama watu wanaohesabiana gizani.
Helju aliivaa soksi ile, moja tu;
mguu wa pili akauchomeka chini ya paja langu
bila kuomba.

Asubuhi, ng'ambo palikuwa na majivu.
Njiti nne zilizobaki akazitia
mfuko wa kushoto wa koti lake,
akafunga zipu, akaipapasa mara moja.
"Mwakani, wifi," akasema,
"tuulizane kabla ya basi."