Korosho Kwanza

Darasa letu lilikuwa stoo ya vyandarua,
Mtwara mjini, nyuma ya hospitali, upande wa jenereta.
Mwalimu Nakatete aliweka fuvu mezani,
akaweka na la pili, dogo, la mtoto mchanga.
"Ni plastiki," akasema, "lakini liheshimuni."

Likumbe akacheka: "Hili halina uso."
Kweli. Lilikuwa paji tupu,
na chini yake, kama vitu vilivyosahauliwa,
matundu ya macho, kijipua,
taya jembamba kama ukucha.

Ubaoni akaandika: *Ubongo una haraka. Uso hauna.*
Akachora mistari. Huu wa fuvu unapanda mapema,
unakaribia kilele mtoto akianza darasa la kwanza.
Huu wa taya la chini unajivuta,
unashuka, unakuja mbele,
mpaka sauti ivunjike, mpaka sare ya sekondari ibane.
Tulinakili. Hatukuelewa.
Mimi nilinakili hata vumbi la chaki.

Usiku, kwa tochi ya simu,
nikaliona shamba letu la Kitangari,
salfa bado inanuka kwenye majani.
Ua likinyauka, kinachotangulia ni korosho,
ya kijani, imejikunja kama figo,
kubwa kuliko kikonyo kinachoibeba.
Bibo halipo. Bibo ni shingo tu.
Korosho ikishakomaa, ikishakuwa ngumu,
ndipo shingo inavimba, inajaa maji, inapata wekundu,
na mpita njia anasema: tazama tunda!

Asubuhi nikamweleza mwalimu.
Hakunisifu. Alifuta mistari yake yote
akachora korosho.

Wiki iliyofuata alifungua dirisha katika taya la mtoto.
Ndani ya mfupa, meno yamepanga foleni.
"Huyu chonge," akagusa kwa ncha ya kalamu,
"mkimwona anatuna mweupe chini ya ufizi
wa kichanga mwenye homa,
si ugonjwa, wala si meno ya plastiki.
Anangoja zamu."

Ulimi wangu ukaenda wenyewe, kushoto juu,
kwenye pengo ninalolijua kuliko sahihi yangu.
Nyumbani walisema nilizaliwa hivyo.

Nilimpigia mama. Alinyamaza, salio likaenda.
"Ulikuwa na miezi sita. Unaharisha.
Akaja jirani na spoku ya baiskeli.
Ukapona."
"Kuharisha nilipona, mama."
"Ukapona," akasema tena.
Sikuendelea. Ada yangu
ni malipo ya pili ya korosho zake.

Jumatano, zamu ya zahanati.
Asumini Chipoka, kitenge kimelowa jasho la mtoto,
akamfunua midomo: "Yatoe haya, yanamuua."
Nilinawa. Nikapitisha kidole kidogo juu ya ufizi:
kitu kigumu, cha mviringo, kimejificha,
korosho ambayo bado haijapata bibo.

"Ni jino lake," nikasema. "Uso wake utalihitaji."
Hakuniamini. Kwa nini aniamini?
Basi nikavuta mdomo wangu, nikamwonyesha pengo,
na chonge wa pili, upande wa kulia, peke yake,
na mstari wa meno uliohama kufuata nafasi.

Alitazama kwa muda mrefu,
kama mnunuzi anayepasua korosho ya sampuli ghalani.
"Na homa?"
"Homa tunapima damu. Dirisha la pili."

Akasimama, akamfunga mtoto mgongoni.
Sijui kama aligeukia dirishani au barabarani.
Foleni ilikuwa ndefu, na aliyefuata
alikuwa mvulana wa miaka minane,
meno ya mbele yameachana kama vidole vya mkono,
baba yake anataka yafungwe waya leo leo,
amekuja na pesa mkononi.

"Subiri, mzee," nikamwambia.
"Uso bado unakuja."