Ankara Nyuma ya Glasi

Miaka thelathini na mmoja nilipima maji ya watu.
Nilichota, nikaandika daftarini kiwango cha tope,
na kila bomba la Nkuhungu lilipita kwanza
mbele ya jicho langu hili la kushoto,
la kulia likiwa limefumbwa.
Sasa nimestaafu. Natengeneza bia.

Mbeleje wa mashine alikataa mara mbili.
"Kimea kimepanda basi usiku kucha toka Moshi,
halafu unataka nikipasue tu, nisikisage?
Watu watasema mawe ya Mbeleje yamekwisha."
Nikamlipa bei ya kusaga. Akalegeza mawe,
punje zikatoka zimevunjika kiuno, maganda mazima,
maana ganda ndilo chujio langu.

Maji ya kwetu ni magumu. Birika inajua,
ina ukoko mweupe kooni tangu harusi yetu.
Lakini hopsi huyapenda maji ya namna hii
kama mbuzi apendavyo kulamba magadi.
Nyuzi sitini na sita, saa nzima,
sufuria limejifunika blanketi.
Tone la iodini kwenye kisosi: jeusi. Wanga bado.
Ngoja.
Tone jingine: limebaki na rangi yake.
Nikachuja, machicha nikawapa mbuzi wa Sechelela,
naye akaja nyuma yao kuuliza.

Sechelela hupika ugimbi wa uwele kila Alhamisi.
Alinusa pakiti ya hopsi aliyoileta Nyemo wangu
toka ng'ambo, ndani ya soksi.
"Balungi," akasema. "Na pera. Na nyasi za asubuhi."
Kisha akatafuna chembe moja,
akaitema hadi ua wa jirani.
"Mwarobaini!"

Siku kumi na mbili ilichemka bila moto.
Povu likapanda, likashuka. Nikachungulia:
ukungu, kama chai ya maziwa ya msibani.
Mkono ukaenda wenyewe kabatini,
kwenye kopo la shabu.
Ulikuwa mkono wa kazini. Nikaurudisha.

Kumbe dawa ilikuwa Julai,
na huu upepo wa Dodoma usio na adabu,
unaobeba kanga za watu mpaka kwa wasiostahili.
Nikalivika pipa gunia lililoloa,
nikaliweka uchochoroni baina ya kuta mbili.
Saa nane usiku nalowesha, saa kumi nalowesha,
Damari akauliza dirishani:
"Huyo mtoto, homa imeshuka?"
Usiku wa tatu, kijiko cha jelatini ya keki.
Wa nne, wa tano, wa sita, sikugusa.
Kungoja nako ni kazi, ila haina posho.

Jumamosi nikamimina.
Nikachukua ankara ya maji ya mwezi wa sita,
nikaisimamisha nyuma ya glasi,
nikafumba jicho la kulia.
Jina langu. Namba ya mita.
Deni: elfu kumi na nne na mia mbili.
Kila tarakimu imesimama wima ndani ya asali,
na kiputo kimoja kikapanda taratibu
katikati ya sifuri.

Sechelela akanywa. Akatazama kupitia glasi,
akaniona mimi.
"Nzuri," akasema, kama anayesifu mtoto wa mtu.
"Lakini chakula chake umekipeleka wapi?"

Nikamwonyesha chini ya pipa:
mashapo mazito, rangi ya boga,
chachu imelala kwa hesabu yake.
Akaenda kwake, akarudi na kibuyu,
akakomba yote kwa upawa, hata yaliyoganda pembeni,
hakuomba.

Leo Alhamisi. Naisikia nyuma ya ua
ikiguguma mtungini, nene, imepata wenziwe,
ile niliyoamka usiku sita kuiondoa.
Ankara bado iko mezani.
Ina duara la unyevu juu ya jina langu.