Chumba cha Faruma

Kwetu faruma ilikuwa ya kofia:
baba akiifua Alhamisi, akiitia wanga,
akiivika kigogo ikauke wima ingoje Ijumaa.
Hapa Northampton faruma ni za miguu,
elfu nne na ushei, zaning'inia jozi jozi
kama popo waliosahau kuamka.

Kila moja ina jina la mwenyewe kwa wino.
Jaji mwenye nundu kando ya dole gumba.
Askofu wa nyayo bapa.
Kapteni aliyeuacha mguu wa kulia Ufaransa
akaendelea kuagiza wa kushoto hadi mwaka hamsini na moja,
na daftari linasema: *nusu bei*.

Mimi hupangusa vumbi. Miaka kumi na mmoja sasa.

Historia yao imo katika kijitabu cha wateja:
Enoch Thurlby, meza moja, msharasi mmoja,
na deni la ngozi lililomnyima usingizi.
Kisha Wilfred, aliyejenga ghorofa.
Kisha Aubrey, aliyeiuza.
Na juu ya mlango, kwa maji ya dhahabu:
*Thurlby na Wanawe wa Kiume.*

Jumanne ile bomba lilipasuka,
tukahamisha rafu ya nyuma kabisa.
Nikaokota faruma isiyo na jina la mteja;
chini ya kisigino, kwa penseli iliyokaribia kufutika:
*Hizi zote nimeshona mimi. Macho yaniuma. Keziah.*

Nikampelekea Bi Hester, wa mwisho wao,
ambaye kwa ajili ya jongo
huuza viatu vya mabwana akiwa amevaa ndala.
Akasoma. Akavua miwani.
Shangazi yake baba, alisema,
tuliambiwa alikuwa akipika chai.

Kisha akaniuliza, lugha yenu husemaje, "na Wanawe"?
Nikamwambia: wana.
Wa kiume?
Wana tu. Waliozaliwa. Huyu na yule.
Akacheka mpaka akakohoa.

Kibao hakiguswi, ni cha kale,
halmashauri ya mji imekataa hata msumari.
Basi tumeigongea faruma msumari wake ndani,
karibu na kioo, pale wateja wanapojitazama vifundo.

Jana mmoja aliuliza, hii ni ya mteja gani?
Nikafunga gidamu zake kwanza,
fundo la kulia, fundo la kushoto.
Si ya mteja, nikamwambia.
Ni ya fundi.