Hesabu ya Bombo

Zamzam Marjan, mbunge, miaka ishirini na tisa;
jina lake bado linawakwaza makarani.
"Huyu ni wa wapi?"
Wa hapahapa. Wa nyuma ya kambi,
bibi yake aliposuka tabaga nyekundu,
akauza moja kila muhula, ikawa ada.

Mara ya kwanza alipita kwa kura mia na kumi na mbili.
Nilizihesabu mimi, kwa tochi ya simu.

Sasa nimelifungua daftari lilelile.
Wanubi watampa, lakini sisi tu wangapi?
Fumba kiganja, tumeisha.
Wakulima wa mananasi wanamsifu
huku wakipokea sukari ya mpinzani, kilo mbilimbili.
Kisima alichimba. Pampu ikavunjika Machi.
Kisima hakitajwi tena;
inatajwa pampu.

Jana alinikuta nikifuta namba.
Hakuuliza. Alimenya nanasi,
akanipa kipande cha katikati, kile kigumu,
akatamka kwa Kinubi neno
ambalo bibi yake alilisema akianza tabaga mpya,
kabla hajajua kama ukindu utatosha.