Breka Inayosikiliza

Shika tochi hapo, Rispa. Usitikisike.
Swichi kuu nimeizima, hata friji imenyamaza.
Nyumba hii ya Migosi ilijengwa lini?
Mpira wa waya umekauka, unakatika vidoleni
kama omena iliyosahauliwa juani kule Dunga.

Ulinipigia kwa sababu soketi ya birika inanuka.
Afadhali pua yako iliamka mapema.
Wengi hunusa, hufungua dirisha,
husema jirani anakaanga samaki.

Tazama. Hii breka ya zamani si mbaya.
Inajua kazi moja: kuhesabu.
Chomeka birika, pasi na jiko kwa pamoja,
itaona mzigo, itaanguka.
Waya ukimgusa mwenzake uso kwa uso,
itaanguka.
Lakini cheche ya ukutani,
ile ya skrubu iliyolegea,
inayoruka, inakufa, inaruka,
haina uzito wa kuhesabiwa.
Ni panya wa stoo: habebi gunia,
anatoboa tu.
Na breka imesimama wima,
askari wa geti aliyelala macho wazi.

Mzee Odindo yuko mlangoni, miwani puani.
Anauliza hiyo nyingine ni pesa ngapi.
Namwambia.
"Hiyo ni mbuzi mzima," anasema, "na kamba yake."
Halafu: "Ni sheria?"

Sitakudanganya, mzee.
Kitabu nilichosomea chuoni kinasema "inashauriwa".
Hakisemi "lazima".
Katikati ya maneno hayo mawili
kuna chumba cha kupikia nilichoitwa kukiona Kondele:
ukuta mweusi hadi darini,
sufuria zimeyeyuka masikio,
na katika boksi lake pale koridoni
breka bado iko juu, safi,
haina habari.

Hii mpya ina sikio.
Inaijua ngurumo ya friji ikianza,
inaijua blenda, inaijua swichi ikizimwa,
kile kicheche kifupi, cha halali.
Inaijua pia ile sauti ya kukwaruza isiyo na mdundo.
Rispa anielewe: mtoto akikohoa usiku
unajua kikohozi cha vumbi
na unajua kikohozi cha kuamka.

Akalipa nusu. Nusu nyingine, mwisho wa mwezi.
Nikafunga, nikabonyeza kitufe cha kujaribia,
ikaanguka, nikaiinua,
nikaondoka na ngazi yangu begani.

Jumapili, saa saba mchana, simu.
"Khavere, mbuzi wako anaangukaanguka!
Wageni wamekaa, chai hakuna.
Njoo uturudishie ile ya zamani."

Nikaenda na viatu vya kanisani.
Redio ikiwashwa, breka inatulia.
Birika likianza kuvuma, tap,
chini.
Nikakaza skrubu zote. Tap.
Nikafungua soketi niliyoibadilisha kwa mkono wangu,
nikaanza kujitilia shaka mbele ya wageni.

Ndipo nikaiona kalenda.
Ya kwaya, mpya, imetundikwa juu ya soketi,
sawasawa na njia ya waya.
Nani amegonga msumari hapa?

Kimya. Hata wageni walitazama vikombe vyao vitupu.

Nikazima kuu. Nikaung'oa kwa koleo.
Inchi tatu, mpya kutoka dukani,
ila ncha yake nyeusi, imeliwa,
kama jino la mvuta tumbaku.
Nikauweka kiganjani mwa mzee.

Aliugeuza. Akaunusa.
Bei ya mbuzi hakuitaja.
Rispa alienda kuwasha makaa nje,
maana chai ni chai,
nami nikaanza kuchimbua plasta.

Nilikuwa nimefika kwenye waya
aliposema kwa sauti ndogo, nyuma yangu,
"Kule chumbani pia.
Nilitundika koti."