Mkaa wa Kijani

Soko la Majengo, saa mbili asubuhi.
Mteja kaushika mkaa wangu kwa ncha za vidole
kama yai la kuazima:
"Eti huu ndio wa kijani?"

Mama, ni mweusi. Mikono yangu hii hapa.
Na Dodoma hii ya Oktoba, vumbi hadi kopeni,
kijani utakiona wapi?
Haya ni maganda ya karanga za Kongwa,
ni matawi ya mizabibu yaliyopogolewa Hombolo;
nimeyachoma, nikayaponda,
nikayafinyanga kwa uji wa muhogo.
Kijani chake hukioni kwa kuwa kipo Chenene,
kimesimama:
mti ambao leo hakuna aliyeukata.

Jirani yangu Nyemo anauza sabuni,
pakiti imechorwa jani bichi.
Nilimuuliza, jani la nini?
Akacheka: "La kiwandani."
Na inatoka, kuliko mkaa wangu.

Mteja ananusa. Anapiga hesabu.
"Maharage yataiva?"
Yataiva, na chai juu yake.
"Nipimie wa mia tano, nijaribu."

Rangi haulizi tena.
Kesho nitajua.
Akirudi na ndoo,
huyo amenielewa.